Deni la Mwenye Kuwasha Taa

Katika nchi zilizo kaskazini kabisa mwa dunia kuna majuma ambayo jua halichomozi hata mara moja. Mji wa Tromsø, katika nchi ya Norway, umo kilomita zipatazo 350 kaskazini ya mstari wa Aktiki. Huko, tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, wenyeji hawalioni jua. Wakati wa adhuhuri mbingu hupata rangi ya samawati kwa kitambo kidogo, kisha usiku hurejea kana kwamba haukuwa umeondoka. Kusini zaidi, mjini Helsinki, jua huchomoza mwezi wa Desemba, lakini katika siku zilizo fupi kuliko zote mchana wake haufiki saa sita. Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta, ambako usiku na mchana hugawana siku karibu sawasawa mwaka mzima, hatuna budi kuanza kwa kuukumbuka ukweli huu. Pasipo kuujua hatutaelewa kwa nini watu wa nchi hizo huithamini taa kwa kadiri wanavyoithamini.

Watu hao wana desturi ambayo imestawi sana katika miaka ya karibuni. Majira ya baridi yafikapo, miji yao huweka taa katika viwanja, bustani na kando za bahari. Nazo si taa za kumulika njia tu, bali ni kazi za sanaa. Hapa husimama dubu mweupe aliyeundwa kwa nyaya na kuvikwa maelfu ya vijitaa. Pale huonekana nyangumi wa nuru, au mbweha wa theluji, au kundi la kulungu wa kaskazini wenye pembe zing'aazo. Kwingine mafundi hutandaza angani mapazia ya rangi ya kijani, wakiiga ule mwanga wa ajabu uonekanao katika usiku wa Aktiki. Mjini Helsinki tamasha la taa liitwalo Lux Helsinki lilianza mwaka 2009, na hufanyika mwezi wa Januari. Desturi hii haikubaki kaskazini. Imefika katika miji mikubwa iliyo mbali na barafu, na watu hutoka majumbani mwao pamoja na watoto, wakiwa wamejifunika makoti mazito, wakaenda kutazama na kufurahi.

Swali tunalotaka kulitafakari katika insha hii ni hili: mtu awashapo taa yenye sura ya kiumbe fulani, je, ana wajibu wowote kwa kiumbe huyo? Au taa ni taa tu, na furaha ni furaha tu, na hapana mwenye haki ya kuuliza zaidi? Huenda swali hili likaonekana dogo. Lakini ndani yake limo swali kubwa linalomhusu kila mchongaji, kila mchoraji na kila mshairi, nalo ni uhusiano baina ya sura ya kitu na kitu chenyewe. Sisi twadai kwamba mwenye kuwasha taa ya namna hiyo huingia katika deni, na kwamba deni hilo lina sehemu tatu: kusema kweli, kutodhuru, na kutenda.

Kabla ya kudai deni, haki yataka tumtendee mdaiwa kwa insafu. Si upuuzi kuwasha taa katika nchi ya giza. Mwanadamu aliyekosa jua kwa majuma mengi huingiwa na uzito wa moyo. Madaktari wa nchi hizo wanaifahamu hali hiyo, na taa zenye nuru kali hutumika katika kuitibu. Zaidi ya hayo, taa ya hadhara huwaleta watu pamoja. Mzee aliyejifungia nyumbani kwa sababu ya baridi hutoka, akakutana na jirani yake, wakasimama kando ya dubu wa nuru wakazungumza. Hata gharama ya umeme imepungua. Taa za kale zilipoteza sehemu kubwa ya umeme wake kwa kutoa joto. Taa za diodi hutumia umeme kidogo tu kwa nuru ileile. Wanasayansi watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua diodi ya samawati, ambayo ndiyo iliyowezesha kupatikana kwa nuru nyeupe ya namna hii. Kwa hiyo hatusemi kwamba taa hizi ni dhambi. Asiyejua giza la miezi miwili asimcheke awashaye taa.

Hata hivyo, yafaa tukumbuke kwamba watu wa Aktiki walikuwa na nuru yao kabla ya umeme, na walikuwa na adabu ya kuitazama. Mwanga wa kaskazini hutokana na chembechembe zenye umeme zitokazo kwenye jua. Chembechembe hizo huongozwa na usumaku wa dunia kuelekea kwenye ncha zake, zikagonga hewa iliyo juu sana, kiasi cha kilomita 100 na kuzidi. Hewa ya oksijeni ikigongwa hutoa rangi ya kijani, na juu zaidi hutoa wekundu. Nitrojeni hutoa samawati na zambarau. Hayo ndiyo maelezo ya sayansi. Wazee wa huko walikuwa na maelezo yao. Wafini huuita mwanga huo kwa jina lenye maana ya mioto ya mbweha, kwani ilisimuliwa kwamba mbweha akimbiapo juu ya theluji huipiga kwa mkia, na cheche zake huruka hadi mbinguni. Baadhi ya Wainuiti walisimulia kwamba ni roho za wafu zichezazo mpira kwa fuvu la walarasi, yule mnyama mkubwa wa baharini mwenye meno marefu kama ya ndovu. Wasami nao, ambao nchi yao ya asili imegawanyika baina ya Norway, Sweden, Finland na Urusi, waliwafundisha watoto wao wasiukejeli mwanga huo wala wasiupigie mbinja.

Msomaji wa Pwani atatabasamu asomapo hayo, maana naye alikatazwa na bibi yake kupiga mbinja usiku. Tusiharakishe kuyaita mambo hayo ushirikina tukayatupa. Ndani ya katazo hilo mna fundisho la maadili: kwamba kuna vitu vikubwa kuliko sisi, ambavyo tunaruhusiwa kuvitazama lakini haturuhusiwi kuvichezea. Mtazamaji wa kale alijua kwamba yeye ni mgeni chini ya mwanga ule. Leo msanii Dan Acher wa mji wa Geneva ametengeneza kazi iitwayo Borealis, ambayo kwa miali ya leza na mawingu ya mvuke huiga mwanga wa kaskazini juu ya viwanja vya miji, hata katika nchi ambazo mwanga wenyewe hauonekani. Ni kazi ya kupendeza, na maelfu ya watu wameifurahia. Lakini kuna tofauti moja ambayo hatuwezi kuipuuza. Mwanga wa kaskazini huja upendapo; mwanga wa leza huja kwa saa iliyopangwa. Wa kwanza humfundisha mtu kungoja. Wa pili humfundisha kwamba maajabu yanaweza kuagizwa. Ndiyo sababu twasema kwamba mwenye kuiga amechukua kitu, na mwenye kuchukua ana deni.

Sisi tutungao mashairi twalijua deni hili kwa njia yetu. Kumsifu mtu mbele ya kadamnasi si jambo jepesi. Mtu akimsifu jirani yake katika ngoma ya harusi, akamwita simba, akamwita mwezi, kisha usiku uleule akaenda kumng'olea mihogo shambani, wanakijiji watamhukumu kwa makosa mawili: kwa wizi, na kwa sifa ya uongo. Wengine watasema kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, maana mihogo yaweza kupandwa tena, lakini neno lililotumiwa kwa hila huwafanya watu wasiamini hata sifa za kweli. Taa yenye sura ya dubu mweupe ni utenzi wa sifa ulioandikwa kwa umeme. Basi na aliyeuandika ahukumiwe kwa sheria ileile tunayowahukumu washairi.

Sehemu ya kwanza ya deni ni kusema kweli. Mapambo mengi ya majira ya baridi humweka dubu mweupe bega kwa bega na pengwini, kana kwamba ni ndugu wa kijiji kimoja. Dubu mweupe ni mnyama wa kaskazini, na pengwini ni ndege wa nusu ya kusini ya dunia, porini hawakutani. Mtu aweza kusema kwamba kosa hilo halimdhuru mtu. Lakini linaonyesha kwamba aliyetengeneza pambo hakuwa akimfikiria dubu wala pengwini. Alikuwa akifikiria weupe na baridi tu. Mwalimu yeyote angemsahihisha mwanafunzi aliyemchora twiga akila pamoja na kangaruu katika mbuga ya Serengeti. Kosa la pili la ukweli ni zito zaidi, nalo ni kuionyesha Aktiki kama nchi isiyo na watu: theluji tupu, wanyama na nyota. Wasami na Wainuiti wamekaa huko kwa vizazi vingi, wakiwinda, wakivua na kufuga. Na pale watu hao wanapoonyeshwa, mara nyingine huonyeshwa kwa kejeli. Katika Finland watu wasio Wasami wamekuwa wakivaa mavazi ya Wasami ili kuwafurahisha watalii, hata Bunge la Wasami la nchi hiyo likapitisha, mwaka 2018, kanuni za maadili kuhusu utalii unaoutumia utamaduni wao. Sisi ambao ngoma zetu za jando zimewahi kukatwa vipande na kuchezwa kandokando ya bwawa la hoteli hatuna haja ya kufafanuliwa malalamiko hayo.

Sehemu ya pili ni kutodhuru. Hapa twafika kwenye kiini cha jambo, kwa sababu viumbe tunaowasifu kwa nuru ni viumbe wa giza. Kulungu wa kaskazini, ambao Wasami huwafuga, wana tabaka nyuma ya jicho liakisilo nuru. Wakati wa kiangazi tabaka hilo huwa na rangi ya dhahabu; wakati wa baridi hugeuka samawati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulieleza kwamba badiliko hilo huwasaidia kuona katika giza la majira hayo. Giza la Aktiki si upungufu unaongoja kujazwa. Ni makazi, kama msitu ulivyo makazi, na viumbe wake wameumbwa kwa ajili yake. Mwaka 2020 wanasayansi waliofanya kazi baharini wakati wa usiku mrefu wa Aktiki walitoa habari kwamba taa za kawaida za meli hubadili mwenendo wa samaki na vidudu vya baharini hadi kina cha mita 200. Meli hiyo haikuwa ikivua wala kuwinda. Ilikuwa imewasha taa zake tu, kama meli zote ziwashavyo.

Itajibiwa kwamba taa za bustani ya mjini haziko katika bahari ya Aktiki, na jibu hilo lina haki. Lakini ndege hawajui mipaka ya bustani. Mjini New York, kila tarehe 11 Septemba, huwashwa nguzo mbili za nuru kuwakumbuka waliouawa mwaka 2001. Nguzo hizo ni za maombolezo, wala hakuna awezaye kuwalaumu wafiwa kwa kuziwasha. Hata hivyo ndege wahamao usiku huvutwa na nuru ile, wakazunguka ndani yake wakilia, wakipoteza nguvu walizojiwekea kwa safari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba katika usiku saba, katika miaka mbalimbali, ndege wapatao milioni moja na laki moja waliathiriwa. Lakini utafiti huohuo ulionyesha jambo la kututia moyo: taa zikizimwa, ndege hutawanyika kwa dakika chache tu na kuendelea na safari yao. Basi imewekwa desturi ya kuwahesabu. Wakizidi elfu moja ndani ya nuru, taa huzimwa kwa muda wa dakika 20 hivi, kisha huwashwa tena.

Twaomba msomaji aitafakari desturi hiyo. Watu walio katika msiba wamekubali kuikatiza kumbukumbu ya wafu wao ili ndege wapite. Hawakuambiwa waache kuomboleza, wala hawakuambiwa kwamba ndege ni bora kuliko watu. Wametambua tu kwamba kuwasha kuna adabu yake, na kwamba sehemu moja ya adabu hiyo ni kujua saa ya kuzima. Ikiwa taa ya maombolezo yaweza kuzimwa kwa ajili ya kiumbe apitaye, basi taa ya burudani, iliyowashwa kwa jina la kiumbe huyohuyo, haina udhuru.

Sehemu ya tatu ya deni ni kutenda, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba tangu mwaka 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia nzima. Dubu mweupe huwinda sili akiwa juu ya barafu ya bahari. Barafu ikipungua, uwanja wake wa kuwinda hupungua. Mwaka 2015 wataalamu walikadiria kwamba dubu waliosalia duniani ni kama 26,000. Wangaliweza kuwa wachache zaidi kama si mkataba uliotiwa saini mjini Oslo mwaka 1973 na mataifa matano: Kanada, Denmark, Norway, Marekani na Urusi ya Kisovieti. Siku zile mataifa hayo yaligawanyika katika kambi mbili zilizotishiana kwa silaha za nyuklia. Juu ya dubu yalikubaliana kupunguza uwindaji. Sanamu za dubu zilikuwapo zamani sana kabla ya mwaka huo, na hazikumzuia mwindaji hata mmoja. Kilichomzuia ni sheria, na sheria ilitokana na watu walioketi mezani wakakubali kupungukiwa na kitu.

Mwishoni mwa mwaka 2018 Makumbusho ya Taifa ya Elimu Viumbe ya Ufaransa yaliweka katika bustani yake mjini Paris sanamu kubwa za nuru, zenye sura za wanyama waliokwisha kutoweka na wale walio hatarini. Jina la maonyesho hayo lilikuwa mchezo wa maneno. Wafaransa husema juu ya kiumbe aliye hatarini kwamba yumo njiani kutoweka. Wao wakaandika kwamba yumo njiani kuangazwa. Mshairi hawezi kuacha kuusifu ustadi wa jina hilo. Lakini hawezi pia kuacha kuogopa. Maana kiumbe aweza kuwa katika njia zote mbili kwa wakati mmoja: akaangazwa mjini huku akitoweka porini, na kadiri sura yake inavyong'aa ndivyo watu wanavyozidi kudhani kwamba yupo salama. Makumbusho ni taasisi ya elimu, na iliyaweka maonyesho yake ili kuonya. Hofu yetu ni juu ya wale waigao mng'aro wakaacha onyo.

Tulinganishe na kazi nyingine iliyofanyika katika mji huohuo. Mwezi wa Desemba 2015, wakati mataifa yalipokutana Paris kujadili hali ya hewa ya dunia, msanii Olafur Eliasson na mwanajiolojia Minik Rosing walileta mapande 12 ya barafu kutoka Greenland, wakayapanga kwa duara kama saa katika uwanja wa Panthéon. Barafu hiyo ilikuwa imekwisha kumeguka na kuelea baharini. Haikuwashwa taa za kuipamba. Watu waliigusa, wakaweka masikio yao wasikie viputo vya hewa ya kale vikipasuka ndani yake, na siku baada ya siku ikayeyuka mbele ya macho yao. Kuisafirisha kulichafua hewa, na wahusika hawakulificha jambo hilo. Walipiga hesabu ya uchafuzi huo na kuitangaza. Mwaka 2018 mapande 24 yaliwekwa London mbele ya jumba la sanaa la Tate Modern. Hatusemi kwamba barafu ni sanaa na taa si sanaa. Twasema kwamba katika kazi ile mtazamaji hakuweza kurudi nyumbani akiamini kwamba kila kitu ki salama, wala msanii hakujifanya kwamba hana deni.

Wapo watakaotupinga, na hoja yao yastahili kusikilizwa. Watasema: mtu hakilindi asichokipenda, na hakipendi asichokijua. Mtoto wa London hatafika Greenland maisha yake yote. Mwacheni amwone dubu wa nuru, ampende, na akikua atamtetea. Kufundisha kwa furaha ni bora kuliko kufundisha kwa hofu. Hoja hii ni njema, nasi hatuikatai. Upendo huanza kwa macho. Lakini hauishii hapo, na mwalimu ajuaye kazi yake hamwachi mwanafunzi kwenye picha ya kwanza. Ikiwa mtoto amemwona dubu, akapigwa picha naye, akanunuliwa peremende, akarudi nyumbani, na hakuna aliyemwambia lolote juu ya barafu, basi hakufundishwa kumpenda dubu. Amefundishwa kupenda taa. Nao wajibu wa kumwambia hauwezi kuachiwa mzazi peke yake. Ni wa yule aliyeichukua sura ya dubu ili watu waje.

Hapa msomaji wetu aweza kuuliza: yote hayo yatuhusu nini sisi? Sisi hatuna theluji mitaani, wala dubu, wala usiku wa majuma saba. Twajibu kwamba Aktiki haiko mbali kama idhaniwavyo. Kila mwaka ndege wadogo wa pwani wenye miguu myembamba, ambao hutaga mayai na kulea makinda katika nyika za Siberia wakati wa kiangazi cha huko, huruka maelfu ya kilomita kuja kukaa nasi wakati wa baridi yao. Maji yakipwa, huonekana wakidonoa tope katika fukwe za Dar es Salaam na katika hori ya Mida nchini Kenya. Wavuvi huwapita kila asubuhi bila kujua kwamba wamepita wenyeji wa Aktiki. Ndege hao husafiri usiku pia, juu ya miji ileile iwashayo taa.

Tena sisi wenyewe tuna barafu. Mlima Kilimanjaro umo katika Nembo ya Taifa letu, na kilele chake cheupe huchorwa na kila mtoto wa shule. Wanasayansi waliopima eneo la barafu yake walisema kwamba sehemu 85 kwa mia ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka ilipofika mwaka 2007. Mchoro wa mtoto haukupungua. Kilele ndicho kilichopungua. Na tusimseme mgeni tukajisahau. Noti yetu ya shilingi 5,000 ina picha ya kifaru. Inakadiriwa kwamba vifaru weusi wa Afrika walikuwa kama 65,000 mwaka 1970. Mwaka 1995 hawakufika 2,500. Waliuawa kwa bunduki na kwa tamaa ya pembe, na sehemu ya damu hiyo ilimwagika katika nchi yetu. Walinzi wa mbuga wamefanya kazi kubwa tangu hapo, na wengine wamekufa wakiifanya. Lakini kila mmoja wetu aitoapo noti hiyo sokoni ameshika sura ya kiumbe ambaye taifa limemchagua kuwa pambo lake. Deni tunalowadai watu wa Helsinki na Paris limo mifukoni mwetu pia.

Taifa letu lina mfano mmoja wa taa iliyowashwa pamoja na ahadi. Tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliweka Mwenge wa Uhuru juu ya kilele cha Kilimanjaro, palepale penye barafu tuliyoitaja. Mwenge ule haukuwashwa ili mlima upendeze. Uliwashwa kuwa ahadi kwa watu walio ndani ya mipaka yetu na walio nje yake, na tangu siku ile kila mtu alikuwa na haki ya kutuuliza: mmeitimiza? Taifa liliulizwa swali hilo mara nyingi katika miaka iliyofuata, hasa na ndugu zetu wa kusini mwa Afrika waliokuwa bado katika minyororo, na kwa sehemu kubwa lilijibu kwa vitendo. Tungependa kila taa yenye sura ya kiumbe ihesabiwe kuwa mwenge wa namna hiyo. Wahenga walisema ahadi ni deni. Wakasema pia kwamba dawa ya deni ni kulipa.

Kwa hiyo hatuwaambii watu wa kaskazini wazime taa zao. Giza lao ni refu, na furaha yao ni halali. Twawaambia waziwashe kama watu wanaodaiwa: wamwonyeshe dubu mahali pake na watu wa nchi yake, wazizime ndege wapitapo na usiku wa manane uingiapo, na kwa kila dubu wa nuru wanayemsimamisha, waulizane ni nini walichokubali kukiacha ili dubu wa nyama aendelee kutembea juu ya barafu. Walimu watakaoisoma insha hii pamoja na wanafunzi wao wanaweza kuanza na zoezi lililo karibu zaidi. Waitoe noti ya shilingi 5,000, waiweke mezani, na kila mwanafunzi aandike ni mambo gani matatu ambayo kifaru huyo angetudai kama angalijua kusema.